Sikukuu Machi, mlima Julai: kisa cha hija ya Croagh Patrick

Mtakatifu Patrick ana siku yake, na inajulikana dunia nzima: 17 Machi. Nchini Kenya, ambako mapadre na mabruda kutoka Ayalandi walifungua misheni na shule, wapo wengi waliosoma chini ya somo huyo, St Patrick's Iten ikiwa maarufu kuliko zote kwa sababu ya wanariadha wake. Lakini kule Ayalandi kwenyewe, mlima ambao mapokeo yanasema Patrick alifunga juu yake siku 40 mchana na usiku haupandwi na umati siku ya sikukuu yake. Umati huja Jumapili ya mwisho ya Julai, miezi minne baadaye. Kwa nini?

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu hapa kuna vitu vya kushika mkononi: maandishi yenye miaka, mawe yaliyochimbuliwa, na desturi zilizoandikwa kutoka vinywani mwa wazee. Mara nyingi mtu husikia kwamba hija za milimani za Waayalandi ni ibada za kipagani zilizovikwa kanzu ya Kikristo, na mazungumzo yakaishia hapo. Wengine nao hukataa katakata, kwao kila kitu kilianza na Patrick. Mimi naona wote wawili wameruka hatua. Tarehe ya Julai ni tarehe ya mkulima mwenye ghala tupu, na naamini ni ya kale kuliko kanisa lolote lililowahi kusimama pale kileleni. Mungu anayetajwa kuwa nyuma ya tarehe hiyo ni suala jingine, na ushahidi wake ni mwembamba zaidi. Haya mawili yasichanganywe.

Mlima na mizunguko yake

Croagh Patrick uko kaunti ya Mayo, pwani ya magharibi ya Ayalandi, karibu na mji wa Westport. Urefu wake ni mita 764. Kwa aliyezoea kutazama Meru au Kilimanjaro hicho ni kilima, ila tofauti ni kwamba safari inaanzia kijiji cha Murrisk, kando ya ghuba ya Clew, karibu na usawa wa bahari. Mita zote hizo unazipanda kwa miguu. Wenyeji wanauita Reek, na ile Jumapili ni Jumapili ya Reek. Sehemu ya juu kabisa ni kama pia iliyogeuzwa, jiwe gumu la kwatzaiti lililomeguka likawa kokoto na vibamba vinavyoteleza chini ya unyayo. Wapo wanaoipanda sehemu hiyo pekupeku mpaka leo.

Sala zenyewe zina mpangilio, na inafaa kuutazama kwa karibu. Kituo cha kwanza ni Leacht Benáin, lundo la mawe chini ya ile sehemu ya juu, lenye jina la kijana aliyekuwa mfuasi wa Patrick. Hujaji analizunguka mara saba akisali Baba Yetu saba, Salamu Maria saba na Nasadiki moja. Akifika kileleni anapiga magoti na kuzirudia sala hizo, anasali karibu na kikanisa kwa nia za Baba Mtakatifu, kisha anakizunguka kikanisa mara 15 akisali Baba Yetu 15 na Salamu Maria 15. Hapo anakwenda Leaba Phádraig, yaani kitanda cha Patrick, nako ni mara saba. Kituo cha tatu kiko upande wa magharibi, Roilig Mhuire, penye malundo matatu ya mawe: kila lundo mara saba, halafu uwanja mzima mara saba tena. Ukijumlisha unapata mizunguko 57, na kwa desturi huzungukwa kwa kufuata mwendo wa jua.

Mtu akiniambia kwamba kuzunguka lundo la mawe kwa kufuata jua si jambo lililobuniwa na mwanateolojia wa Roma, nakubaliana naye mara moja. Ila hilo peke yake halituambii ni la lini. Watu wanaweza kuanza kuzunguka mawe katika karne yoyote.

Maandishi yanasema nini

Tuanze na Patrick mwenyewe. Aliishi karne ya 5 na ameacha maandishi mawili ya Kilatini. Katika maungamo yake anautaja msitu wa Foclut, karibu na bahari ya magharibi, ambao wengi wanauweka Mayo. Mlima hautaji. Mwaka 441, ambao mapokeo huutoa kama mwaka wa mfungo wake, hautoki kwake.

Anayeutaja kwanza ni Tírechán, askofu aliyeandika katika nusu ya pili ya karne ya 7, zaidi ya miaka 200 baada ya mwaka huo. Kwake mlima unaitwa Aigli. Anasema Patrick alipanda akafunga siku 40, akifuata mfano wa Musa, Eliya na Kristo, na ndege wengi wakamsonga hata asiuone uso wa mbingu, nchi wala bahari. Anasema pia kwamba dereva wa gari lake la farasi alifia huko chini akazikwa. Halafu Mungu akawaita watakatifu wote wa Ayalandi, waliopita, waliopo na watakaokuja, wapande mlimani wawabariki watu wa nchi hiyo. Hakuna nyoka katika masimulizi haya, wala mungu wa mavuno. Nyoka na yule jini wa kike, Corra, aliyetupwa kwenye ziwa dogo kusini mwa mlima, ni wa hadithi za baadaye.

Halafu inakuja tarehe inayonikera, na ambayo wapenzi wa nadharia ya mavuno, wanaosema hija ilitokana na sikukuu ya kale ya mavuno, huipita kimya. Kumbukumbu za mwaka 1113 zinasema moto wa radi uliuangukia mlima usiku wa sikukuu ya Patrick ukaua watu 30 waliokuwa wakifunga. Usiku wa sikukuu ya Patrick ni Machi! Katikati ya Kwaresima, kwenye baridi na upepo wa bahari, walikuwapo watu wa kutosha pale juu hata 30 wakafa kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo hija ya mwanzo tunayoweza kuiona kwa tarehe kamili haina uhusiano na mavuno. Ni mfungo wa Kwaresima, kwa kumwiga Patrick aliyemwiga Kristo.

Mwaka 1224 mlima unatajwa tena, safari hii katika habari za Aedh, mfalme wa Connacht aliyekuwa ametawazwa mwaka huo: mtu mmoja alikatwa mikono na miguu kwa sababu ya uporaji alioufanya Croagh Patrick. Adhabu kali namna hiyo inaonyesha kwamba njia ya mahujaji ilikuwa chini ya ulinzi wa mfalme. Msimu hautajwi.

Tarehe ya kiangazi inaonekana kwa mara ya kwanza mwaka 1432. Papa Eugenio IV alitoa rehema kwa wanaotubu wakalitembelea kanisa dogo la Patrick mlimani na kutoa sadaka ya kulikarabati. Siku iliyotajwa ni Jumapili inayotangulia sikukuu ya Minyororo ya Mtakatifu Petro. Sikukuu hiyo ilikuwa 1 Agosti. Na barua inasema wazi kwamba umati mkubwa tayari ulikuwa na mazoea ya kwenda siku hiyo. Papa hakuianzisha tarehe, aliikuta.

Kati ya 1113 na 1432 kuna miaka 319. Maelezo ninayoyaona mara nyingi ni kwamba radi ile iliwatisha watu, Kanisa likahamishia hija kiangazi. Yawezekana, lakini barua ya 1432 haigusii kuhama kokote, na kama lengo lilikuwa usalama na hali ya hewa, Juni ingefaa kuliko Julai: mchana ni mrefu kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Kwa nini ichaguliwe Jumapili moja mahususi, ile inayogusana na 1 Agosti?

Kaunti nzima, nchi nzima

Ukikaa Croagh Patrick peke yake hutapata jibu. Jibu liko kwenye milima mingine, na aliyetuonyesha ni Máire MacNeill. Alikuwa binti wa mwanahistoria Eoin MacNeill, akafanya kazi katika Tume ya Ngano ya Ayalandi, yaani ya kukusanya hadithi na desturi za watu. Mwaka 1942 tume hiyo ilisambaza maswali nchi nzima kuhusu desturi za Jumapili ya mwisho ya Julai na ya kwanza ya Agosti. Majibu yalirudi kwa wingi. MacNeill aliyachambua kwa miaka, akayaweka pamoja na kumbukumbu za zamani, na mwaka 1962 akachapisha kitabu chake kikubwa juu ya sikukuu ya Lughnasa, sikukuu ya kale ya mwanzo wa mavuno ambayo jina lake Waayalandi bado wanaliita kila mwaka, kwa kuwa mwezi wa Agosti katika lugha yao ni Lúnasa. Aliorodhesha mahali 195 palipokuwa na mikusanyiko ya msimu huo: vilele vya milima, kando ya maziwa, penye visima vitakatifu.

Nguvu ya kazi yake ni kwamba siku ni ile ile hata pale ambapo mtakatifu ni mwingine. Mlima Brandon, kaunti ya Kerry, una urefu wa mita 952 na ni wa Mtakatifu Brendan, ambaye sikukuu yake ni 16 Mei. Hata hivyo kijiji cha Cloghane, chini ya mlima huo, kilikuwa na mkusanyiko wake Jumapili ya mwisho ya Julai. Máméan, kwenye milima ya Connemara, ni mahali pa Patrick, na siku yake ni Jumapili ya kwanza ya Agosti. Downpatrick Head, kaskazini mwa Mayo yenyewe, ni mahali pa Patrick tena, na ni Jumapili ya mwisho ya Julai. Patrick ni wa Machi, Brendan ni wa Mei, na wote wawili wanakutwa mlimani msimu mmoja. Kwangu huu ndio ushahidi mzito kuliko wote. Mtakatifu mmoja angeweza kuhamishiwa siku kwa ajali. Watakatifu wengi, katika kaunti zilizo mbali, hawahami kwa ajali kwenda Jumapili ile ile.

Zaidi ya hapo, palikuwa na vilima ambavyo havina mtakatifu kabisa. Vijana walipanda tu, siku hiyo hiyo, kuchuma beri ndogo nyeusi za porini zinazoota kwenye vichaka vya mlimani. Huko Donegal ilisimuliwa kwamba wavulana walitunga beri hizo kwenye uzi wakawafanyia wasichana bangili. Mchana kutwa ni kuimba, kucheza na kuchumbiana. Kabla ya kushuka, wasichana walizivua bangili hizo wakaziacha kileleni.

Hapo MacNeill aliona sadaka ya malimbuko, na mimi sioni sababu ya kumbishia. Anayevua kitu alichopewa na mpenzi wake na kukiacha mlimani, wala hajui kwa nini ila ndivyo ilivyokuwa siku zote, anatimiza jambo lililopoteza maelezo yake.

Julai ya njaa

Ili kuielewa Jumapili hiyo lazima mtu aifikirie jikoni. Katika Ayalandi ya wakulima wadogo, Julai ulikuwa mwezi mbaya kuliko yote. Chakula cha mwaka uliopita kimekwisha, cha mwaka huu bado kiko shambani. Waliuita Julai ya kabichi, kwa kuwa majani yalikuwa ndiyo yaliyobaki ya kujaza tumbo. Msomaji wa Dodoma au Kitui anaijua hali hiyo bila kufafanuliwa: shamba limejaa kijani na chungu hakina kitu.

Ndipo inapokuja Jumapili ya mwisho ya mwezi. Siku hiyo ilikuwa ruhusa ya kuchimba viazi vipya na kuvila. Kuchimba kabla yake kulikuwa aibu, dalili kwamba mwenye nyumba hakupanga vizuri akiba yake. Mwenye nyumba aliyeshindwa kuiwekea familia mezani chakula kipya siku hiyo naye alionekana si mkulima. Kwa hiyo kupanda mlima hakukuwa burudani ya pembeni. Ilikuwa ni kusimama juu, nchi yote ikionekana chini yako na mashamba yakigeuka rangi, siku ambayo njaa inakatwa.

Sasa tazama kitu kimoja. Viazi havikuwapo Ayalandi kabla ya mwishoni mwa karne ya 16. Desturi ya viazi vipya, kwa hiyo, haiwezi kuwa ya kabla ya Ukristo, na mtu anayetafuta kosa katika nadharia ya MacNeill anaweza kufikiri amelipata hapo. Mimi naona kinyume. Kabla ya viazi palikuwa na nafaka, shayiri na oti, na mwanzo wa Agosti ulikuwa mwanzo wa kuvuna. Viazi vilipokuja vikachukua nafasi ya nafaka katika mlo wa maskini, vikaingizwa ndani ya siku iliyokuwapo. Zao lilibadilika, siku ikabaki. Ikiwa siku iliweza kupokea zao jipya bila kusogea, haishangazi kwamba iliweza kumpokea mtakatifu bila kusogea.

Na mlima huu ulikuja kulipa gharama ya kutegemea zao hilo moja. Ugonjwa wa viazi uliingia mwaka 1845, na Mayo ilikuwa kati ya kaunti zilizoumia zaidi. Katika nchi nzima watu wapatao milioni moja walikufa, na zaidi ya hao walipanda meli kuhama. Kumbukumbu ya taifa ya njaa hiyo iko Murrisk, mahali pale pale mahujaji wanapoanzia kupanda: meli ya shaba nyeusi iliyochongwa na John Behan, mifupa ya watu ikiwa ndiyo kamba na matanga yake, ikazinduliwa na Rais Mary Robinson mwaka 1997.

Je, Lugh yuko wapi?

Mpaka hapa nimezungumzia siku na chakula. Wengi wanataka zaidi ya hapo, wanamtaka mungu.

Mungu huyo ni Lugh, ambaye jina lake limo katika neno Lughnasa. Yumo katika fasihi ya kale ya Ayalandi, kijana mwenye kila ujuzi, aliyemuua babu yake Balor mwenye jicho la maangamizi. Maandishi ya zama za kati yanasema alianzisha michezo ya mwanzo wa Agosti huko Tailtiu, leo Teltown katika kaunti ya Meath, kumwenzi mama yake mlezi aliyekufa kwa uchovu wa kufyeka msitu ili uwe shamba. Mkutano wa Tailtiu ni wa kihistoria, wafalme waliuitisha. Lakini Tailtiu ni uwanda ulio upande wa pili wa nchi. Kwenye Croagh Patrick, jina la Lugh halipo.

Aliyepo katika hadithi za watu ni Crom Dubh. Jumapili yenyewe inaitwa kwa jina lake sehemu nyingi, Mayo ikiwemo. Katika ngano iliyosimuliwa mahali pengi, Crom Dubh ni tajiri mpagani mwenye ng'ombe dume. Anampelekea Patrick robo ya nyama. Patrick anasema kwa Kilatini, Mungu ashukuriwe. Mtumishi anarudi na kumweleza bwana wake kwamba mgeni amesema maneno asiyoyaelewa. Inapelekwa robo ya pili, na ya tatu, na jibu ni lile lile. Tajiri anakasirika, nyama yote hiyo na hakuna hata asante! Patrick anaitwa, anaandika yale maneno mara tatu kwenye karatasi, anaiweka upande mmoja wa mizani na nyama upande wa pili. Karatasi inazidi uzito. Crom Dubh anaamini na kubatizwa.

MacNeill alisoma hapa kisa cha kale zaidi: mwenye ghala anayeshikilia chakula cha watu, na shujaa anayekuja kukitoa mikononi mwake. Patrick, kwa maoni yake, amesimama katika nafasi ya Lugh. Ni usomaji mzuri, na kila nikirudi kwenye ngano hiyo nauona una mantiki: suala zima ni chakula, ni nani mwenyewe na ni nani wa kushukuriwa, na linasimuliwa siku ile chakula kinapopatikana. Lakini naomba tuupime kama ulivyo. Ngano ziliandikwa karne ya 19 na ya 20. Kati yake na upagani kuna zaidi ya miaka elfu. Hakuna maandishi yanayomweka Lugh juu ya mlima huu, na Tírechán, aliyeandika karibu kuliko wote na wakati huo, hamjui hapo. Ninaweza kusema huenda. Siwezi kusema zaidi.

Wapo pia wanaoegemea mawe. Mwaka 1994 na 1995 kikosi cha mwanaakiolojia Gerry Walsh kilichimba kileleni na kukuta ukuta wa ngome uliozunguka kilele, misingi ya vibanda, na kikanisa cha mawe yasiyo na saruji ambacho kipimo cha kaboni kiliweka kati ya mwaka 430 na 890. Ngome inaonyesha kwamba watu walikithamini kilele. Mwezi waliokuwa wakipanda haionyeshi. Kisha kuna jiwe la Boheh, lililo kilomita kama saba kutoka mlimani, limejaa vishimo na duara zilizochongwa maelfu ya miaka iliyopita. Ukisimama hapo jioni ya 18 Aprili au 24 Agosti, jua linatua juu kabisa ya kilele, halafu linaonekana kubingirika chini kwenye ubavu wa kaskazini. Ni jambo la ajabu, na siwalaumu wanaolitazama kwa mshangao. Ila 24 Agosti imeipita 1 Agosti kwa wiki tatu na zaidi. Anayeitumia Boheh kuthibitisha Lughnasa analazimisha.

Hukumu yangu juu ya 1113 na 1432

Narudi kwenye tarehe inayonikera. Machi ya 1113 na Julai ya 1432 zinapatanaje?

Nadhani tulikuwa na hija mbili juu ya mlima mmoja. Ya kwanza ni ya wafungaji wa Kwaresima: watawa na watu wa toba, waliofuata maandiko na maisha ya Patrick, na ambao habari zao ziliandikwa kwa sababu waandishi walikuwa watawa wenzao. Ya pili ni ya watu wa vijijini, kwenye siku yao ya kukata njaa, na haikuwa na mwandishi mpaka fedha za kukarabati kikanisa zilipohitajika na Roma ikaombwa rehema. Anayetaka sadaka anakwenda siku yenye watu. Ndivyo tarehe ya wakulima ilivyoingia katika barua ya Papa. Huu ni ukisiaji wangu, lakini unaeleza kila kitu kilichopo bila kumhitaji yeyote aliyehamisha hija kwa amri.

Na unaeleza pia ugomvi uliofuata. Serikali ya Waprotestanti ilipitisha sheria mwaka 1704 iliyopiga marufuku mikusanyiko ya hija, faini shilingi kumi, asiyelipa achapwe viboko. Watu waliendelea. Maaskofu Wakatoliki wenyewe hawakuwa na furaha: katika karne ya 19 ulevi, ngoma na mapigano ya koo vilikuwa sehemu ya sikukuu hizi, na Máméan ilifungwa kwa sababu hiyo hiyo, ikafufuliwa na padre Micheál MacGréil miaka ya karibu na 1980. Croagh Patrick iliokolewa kwa kutenganishwa na sherehe. Mwanzoni mwa karne ya 20 mapadre wa Westport waliihuisha kama toba tupu, kikanisa kipya kikajengwa juu, na Askofu Mkuu John Healy akakibariki tarehe 30 Julai 1905. Ilikuwa Jumapili, ya mwisho ya mwezi. Ngoma, beri na uchumba viliachwa. Siku haikuguswa.

Kwa masikitiko yangu, upande wa shangwe ndio uliopotea. Ungeweza kufundisha vijana wa leo kitu kuhusu shukrani ambacho mizunguko 57 haifundishi yenyewe. Hata hivyo bila uamuzi huo wa 1905 huenda tusingekuwa na hija yoyote ya kuchambua. Hadi mwaka 1973 watu walipanda usiku kwa mienge, ndipo ikahamishiwa mchana kwa ajili ya usalama. Na wenyeji wengi bado wana siku yao ya pembeni, Ijumaa ya Reek, kabla ya umati wa Jumapili kufika.

Jumapili ya Reek ya 2015 ilifutwa kwa sababu ya dhoruba, na wapo waliopanda hata hivyo. Mwaka 2020 na 2021 korona iliuvunja mkusanyiko wa Jumapili. Ungekuwa wakati rahisi wa kuchagua siku nyingine: mashamba ya viazi si tegemeo la Mayo tena, na hakuna familia inayoisubiri siku hiyo ili ile. Mwaka 2022 hija ilirudi tarehe 31 Julai, Jumapili ya mwisho ya mwezi.